Nimenunua, nimekarabati na kuuza nyumba mbili Tabora: hesabu zangu zote, hasara na faida

#1 Mleta uzi

Wakuu, habari za jioni. Kila wiki naona humu vijana wanaulizia biashara ya kununua nyumba chakavu, kuikarabati na kuiuza. Wanaojibu wengi ni wa Dar na Dodoma, na mahesabu yao huku kwetu hayakai sawa. Mimi niko Tabora mjini. Nimeifanya mara mbili kwa akiba ya miaka tisa ya duka la vipuri vya baiskeli. Nilipokuwa naanza sikumpata mtu wa kunifungulia daftari lake, kwa hiyo langu nalifungua hapa. Uzi ni mrefu, mnivumilie.

Nyumba ya kwanza iko Isevya, niliinunua Agosti 2021. Vyumba vinne na sebule, bati limekula kutu, choo cha nje, mwembe mkubwa uani. Kaka aliyekuwa akiishi humo alianzia milioni 22, tukashuka hadi 18. Kiwanja kimepimwa, hati ipo, ila jina ni la marehemu baba yao. Kaka akaniambia yeye ndiye mkubwa na yeye ndiye aliyebaki nyumbani. Tukaandikishana mbele ya mashahidi wanne, mihuri ikapigwa, nikatoka pale najiona nimemaliza.

Bajeti ya ukarabati niliiandika milioni 9: bati na mbao, waya za umeme, choo cha ndani, sakafu, madirisha, rangi. Sikutenga hata shilingi moja ya dharura.

Siku ya tatu ya kazi fundi akaanza kupanua dirisha la sebule ili tuweke la aluminiamu. Kwa nje ukuta ulikuwa na lipu ya saruji, umenyooka, unapendeza. Alipopiga nyundo mara ya nne lipu ikabanduka kama ganda la yai lililochemshwa, na nyuma yake yakatokea matofali ya kuchoma yaliyopangwa kwa udongo mtupu. Akachomeka kidole kati ya tofali na tofali, udongo ukamwagika kama unga. Linta hakuna. Saruji pekee kwenye ukuta ule ilikuwa ile iliyopakwa juu ili macho yaone. Tukabomoa upande wote wa mbele, tukajenga upya, tukamwaga linta kuzunguka nyumba nzima. Hapo zilikwenda milioni 2.8 ambazo kwenye daftari hazikuwepo.

Halafu mchwa. Wa Tabora wenzangu mnajua. Fremu za milango zilikuwa na rangi ya mafuta inayong'aa, ukizitazama ni nzima kabisa. Fundi akabonyeza moja kwa dole gumba, dole likazama. Ndani hamna mbao, kuna udongo wa mchwa, na kilichosimama ni ngozi ya rangi tu. Kenchi za upande wa kusini nazo zilikuwa hivyo hivyo, kwa hiyo zile nilizodhani nitazitumia tena zikawa kuni. Kilichopona ni mlango mmoja tu, wa mbele, wa mninga. Mchwa waliuzunguka pande zote wakauacha. Niliung'oa niweke wa chuma kwa sababu niliambiwa wanunuzi wanapenda chuma, nikauegemeza kwenye mwembe.

Mwishoni mwa Oktoba bati la zamani limeshashuka, jipya halijapanda, akaja mama mmoja wa makamo kutoka Urambo. Nilikuwa nimesimama uani na fundi. Nikamwamkia, shikamoo mama. Akaitikia, akaomba maji, akanywa, akakaa kibarazani akitazama juu palipokuwa na bati.

"Mwanangu, mimi sikuja kugombana. Nimekuja kuuliza. Nyumba ya baba ameiuza nani?"

Nikamwambia ni kaka yake.

"Kaka ni mmoja. Sisi tuko watano."

Akafungua mkoba, akatoa nakala ya hati iliyokunjwa mara nne, na picha ya baba yao akiwa amesimama mbele ya ule mlango wa mninga. Sikuwa na la kujibu.

Wakili niliyemwendea hakunizungusha. Mali ya marehemu huuzwa na msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama. Mtoto mkubwa si msimamizi kwa sababu ya ukubwa wake, na muhuri wa mtaa hauwezi kumpa mtu mamlaka ambayo hana. Mimi nilikuwa nimenunua maneno. Kazi ikasimama. Familia ikakaa kikao, wakafungua mirathi Mahakama ya Mwanzo, msimamizi akateuliwa, tukasaini upya, na mimi nikaongeza milioni 3 ambazo dada na wadogo zake waligawana. Miezi mitatu ilipita hapo, na mvua za Novemba na Desemba zikaingia kwenye nyumba isiyo na paa. Turubai lilichanika wiki ya pili. Lipu ya ndani ambayo ningeiokoa ikavimba na kudondoka yote.

Nikamaliza Mei 2022. Ukarabati umefika milioni 16.4. Kwa uchungu wa zile fedha nikapandisha bei hadi 45. Hapo ndipo nilipokosea tena. Mkoa wetu fedha ya pamoja inaonekana wakulima wa tumbaku wanapolipwa, kuanzia katikati ya mwaka na kuendelea. Walikuja watu wawili wa Kaliua na mmoja wa Sikonge, wote na fedha mkononi, wakataja 36 na 38, nikawakatalia. Ilipofika Desemba fedha za watu ziko shambani kwenye mbolea, Januari ni ada za watoto. Niliuza Machi 2023 kwa milioni 37, kwa mtumishi aliyehamishiwa hapa.

Hesabu sasa. Kununua 18, kuongeza kwa familia 3, ukarabati 16.4, makaratasi na safari 1.3. Jumla 38.7. Dalali asilimia 5 ya mauzo, milioni 1.85. Halafu kodi.

Hii ya kodi isomeni taratibu. Ukiuza nyumba, mkazi wa nchi anatozwa asilimia 10 ya faida, na faida ni bei ya kuuzia ukitoa gharama unazoweza kuzithibitisha. Mimi nilikuwa na mkataba wa 18, maandishi ya zile 3, na risiti za vifaa za milioni 6 tu. Mafundi nililipa mkononi, mchanga na kokoto nilinunua kwenye lori, mbao nilinunua kwa mtu. Kwa makaratasi yangu nilikuwa nimepata faida ya milioni 10, nikalipa milioni 1. Mkadiriaji hakunionea, alisoma nilichompelekea. Msamaha upo kwa nyumba uliyoimiliki na kuishi miaka mitatu au zaidi, faida ikiwa haizidi milioni 15, lakini sisi wa kununua na kuuza hatumo.

Hasara kamili: milioni 4.55, kwa miezi 19.

Nyumba ya pili nitaeleza baadaye, ngoja nifunge duka.

#2 Fundi wa Ng'ambo

Mleta uzi pole sana, na asante kwa ukweli. Nina miaka zaidi ya ishirini kwenye ujenzi hapa mjini. Ule udongo nyuma ya lipu ungeuona kabla ya kununua bila kubomoa chochote. Omba ngazi upande darini. Kuta zilizo juu ya dari hazipigwi lipu, kwa hiyo pale tofali linaonekana uchi na unaona limepangwa na nini. Ukiwa huko huko juu chukua bisibisi uchome kenchi karibu na ukuta, kwa sababu mchwa anapandia ukutani, haanzii katikati ya paa. Mwenye nyumba akikukatalia kupanda darini, hilo nalo ni jibu.

Nyumba ya udongo si mbaya, watu wameishi humo miaka hamsini. Ubaya ni kuitaka ibebe madirisha mapana na marumaru ukutani ambavyo haikujengwa kuvibeba. Ukikuta ukuta wa hivyo, acha dirisha kwenye tundu lake, tengeneza paa na mifereji maji yasiguse ukuta, na inua kingo za msingi. Inatosha.

Na dawa ya mchwa inapigwa udongoni kabla ya kumwaga jamvi (zege la sakafu), na kuzunguka msingi. Kupulizia fremu peke yake ni kumfukuza aende fremu ya pili.

#3 Mdau wa Kibirizi

Salamu kutoka Kigoma. Mleta uzi huko kwenu una mchwa, huku tuna ziwa. Miaka hii ya karibuni maji ya Tanganyika yalipanda yakaingia kwenye nyumba za watu waliokuwa wamekaa ufukweni miaka yote bila shida. Nilikuwa nimeshamwona mwenye nyumba moja ya karibu na maji, bei nzuri sana, mandhari ya kupendeza, nikajisemea nitaipaka rangi nyeupe nimuuzie mtu mwenye hoteli. Mzee mmoja mvuvi akanionyesha kwa mkono mstari wa maji ulipofika. Ulikuwa juu ya kizingiti. Nikaachana nayo. Na hata maji yangekuwa chini, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Kwa hiyo unaweza kukarabati kitu ambacho sheria haikitaki kiwepo.

La pili ni wanunuzi. Hapa tunapakana na Kongo kwa maji na Burundi kwa nchi kavu, na wafanyabiashara wa huko wana fedha taslimu. Amekuja mmoja anataka nyumba hapa kwetu Mwanga, anatoa bei kuliko Mtanzania yeyote. Lakini Sheria ya Ardhi ya 1999 iko wazi: asiye raia hamilikishwi ardhi isipokuwa kwa uwekezaji uliopitia utaratibu wake. Watu wanaandikishana kwa jina la shemeji au rafiki. Msifanye hivyo. Siku wakigombana, jina lako wewe muuzaji liko kwenye karatasi ya kwanza.

Na saruji. Kwetu inasafiri kutoka mbali sana, treni au lori. Piga bei ya Kigoma, usichukue bei uliyosoma mtandaoni.

#4 Muuguzi mnunuzi

Naomba niseme kwa upande wa sisi tunaonunua. Nilinunua nyumba iliyokarabatiwa, sitasema mtaa wala muuzaji. Ilikuwa na dari ya jipsamu yenye taa za kuzungusha, sebule marumaru tupu, nikaipenda siku hiyo hiyo. Mvua ya kwanza dari ikaanza kuweka madoa ya kahawia. Fundi alipofungua akakuta bati za zamani zimezibwa matundu kwa lami. Chumbani kulikuwa na ufa umejazwa, umepakwa rangi, umefichwa nyuma ya kabati la ukutani. Mwezi wa kwanza nikakuta deni la maji la mpangaji wa zamani. Mkopo wangu wa mshahara una miaka sita.

Ndugu zangu mnaofanya hii biashara, yule mnayemuuzia anakaa humo na watoto. Mnatuambia kuhusu faida yenu. Mtuambie na hili.

#5 Mleta uzi

Dada muuguzi, pole kutoka moyoni. Nimesoma ujumbe wako mara mbili na umenifanya nianze na hili kabla ya nyumba ya pili. Ile ya Isevya niliiuza salama, lakini sikumwonyesha mnunuzi chochote cha ndani, alichukua kwa imani. Ya pili nilipiga picha kila hatua: kenchi kabla ya bati, mabomba kabla ya kufukia, shimo la maji taka kabla ya kufunika, tarehe zikiwepo. Siku ya kuuza nilimpa zote pamoja na karatasi ya mamlaka ya maji inayoonyesha hakuna deni. Akazitazama kwenye simu kama saa nzima. Aliacha kuniomba punguzo la pili.

Nyumba yenyewe iko Cheyo, 2023. Ndogo, vyumba vitatu, imejengwa kwa saruji (nilipanda darini, Fundi, mke wangu ameshika ngazi). Kiwanja kimepimwa, hati ya marehemu mama yao, watoto wanne, wote wanaelewana, ila hawakuwahi kufungua mirathi. Walikuwa wamejaribu kuiuza miaka miwili, kila mnunuzi anaona jina la marehemu anaondoka. Tukakubaliana milioni 14. Sikutoa bei. Nilitoa laki 6 za nauli na gharama za mahakamani, kwa maandishi kwamba zitakatwa kwenye bei, na nikasubiri msimamizi ateuliwe. Wanne wote wakasaini, nikalipa benki, akaunti ya mirathi, sio mkononi. Uhamisho ukafanyika ofisi ya ardhi hadi hati ikasoma jina langu. Hapo ndipo nikaleta fundi.

Ukarabati ulikuwa milioni 5.8, zote zina risiti, na mafundi walisaini mkataba wa kazi na kiasi. Nilifanya paa, choo cha ndani, maji na rangi. Basi. Sakafu ya saruji nikaisugua ikang'aa, sikuweka marumaru. Tangu maji ya Ziwa Victoria yafike Tabora, mtu anayekuja kuona nyumba anafungua bomba kabla hajaangalia chumba, kwa hiyo fedha ya sebule niliipeleka bafuni. Makaratasi 1.2. Jumla 21. Nikaitangaza Julai, nikauza 29 ndani ya miezi saba tangu kununua. Dalali 1.45, kodi laki 8. Imebaki milioni 5.75. Ukitoa hasara ya Isevya, miaka yote hiyo imeniachia milioni 1.2.

Nilichokiona ni hiki. Huku kwetu mtu mwenye milioni 30 ana njia nyingine: ananunua kiwanja Ipuli au Malolo anajenga kidogokidogo, mwaka huu msingi, mwakani kuta. Anajijengea anavyotaka. Kwa hiyo marumaru zako hazimshawishi, atasema mimi ningeweka nyingine. Kitu asichoweza kukipata kwa kujenga kidogokidogo ni muda na hati safi. Ile tofauti ya Cheyo, kutoka 14 kwenda 29, nusu yake kubwa ni kwamba nilitengeneza karatasi. Nyumba ilikuwa nzima, ilikuwa imefungwa na jina la marehemu.

#6 Mgeni jukwaani

Mkuu shikamoo. Uzi umenifungua macho. Mimi niko Tabora pia, nina milioni 12 na benki wako tayari kunipa 10. Watu wanasema ninunue sasa kwa sababu reli ya SGR ya kwenda Kigoma itapandisha bei ya kila kitu. Unanishauri nini?

#7 Mleta uzi

Marahaba mdogo wangu. Chukua kalamu. Milioni 10 kwa riba ya asilimia 17 kwa mwaka, kwa mfano, nyumba ikikaa miezi 19 kama yangu ya Isevya, ni karibu milioni 2.7 za riba. Riba kama hiyo ni karibu nusu ya faida yangu yote ya Cheyo. Kama mkopo unakatwa kila mwezi na nyumba haijauzwa, utauza kwa bei ya mtu mwenye njaa. Mimi nisingekopa kwa ya kwanza.

Kuhusu reli: mkataba wa kipande cha Tabora hadi Kigoma ulisainiwa Desemba 2022, kilomita 506, hilo ni kweli. Lakini mwenye nyumba naye anasikia habari hizo hizo, ameshaziweka kwenye bei yake. Ukinunua kwa bei ya reli halafu ukauza kwa bei ya leo, pengo ni lako. Nunua nyumba inayokulipa hata treni isipokuwepo.

Ukienda kuona, nenda asubuhi baada ya mvua ya usiku. Zungumza na majirani, hasa mama aliyekaa mtaa huo muda mrefu, anajua watoto wangapi wa marehemu na yupi yuko wapi. Nenda ofisi ya ardhi wakutazamie jina na kama kodi ya ardhi ina malimbikizo au nyumba imewekwa rehani. Ukinunua kwa mtu mwenye ndoa, mwenza wake asaini mbele yako. Sheria ya Ndoa ya 1971 hairuhusu mume au mke kuuza nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenzake, na nimeona mtu hapa Kanyenye amerudisha nyumba aliyokwisha kuipiga rangi. Nunua umeme wa elfu tano kwenye mita uone kama kuna deni linakatwa zaidi ya ile kodi ya jengo ya 1,500 kwa mwezi. Na kama bajeti yako ni milioni 6, weka 2 pembeni usiziguse.

#8 Fundi wa Ng'ambo

Kwenye hiyo ya kuzungumza na majirani nakazia. Jirani ndiye anayejua shimo la choo la zamani lilipofukiwa. Nimeshaona sebule mpya imezama.

#9 Mdau wa Kibirizi

Mleta uzi swali moja nje ya fedha. Yule mama wa Urambo mliachana vipi? Na ule mlango?

#10 Mleta uzi

Siku tuliyosaini upya alikuja na mdogo wake wa kiume. Baada ya mahakamani tulipita nyumbani Isevya achukue vitu vidogo vya baba yake vilivyobaki stoo, jembe na taa ya chemli. Akauona mlango bado umeegemea kwenye mwembe, umenyeshewa mvua zote zile. Akaupitishia kiganja, akaniambia, "Baba alikuwa anaupaka mafuta kila Idi." Nikamuuliza kama anauhitaji. Hakujibu, akanyamaza tu.

Nikaita bajaji ya mizigo, tukaufunga kwa kamba za katani, tukaupeleka stendi, ukapanda juu ya gari la Urambo. Nauli ya mlango nililipa mimi. Mwaka jana nilipita Urambo kununua magurudumu, nikaenda kumsalimu. Amejenga chumba na sebule kwa fungu lake la zile milioni 3 na nyongeza ya tumbaku, bado haijapigwa lipu. Mlango uko mbele, umepakwa mafuta. Nikapiga salamu ya kwetu, mwangaluka, akaniitikia akiwa ndani, nikausukuma mwenyewe nikaingia.